Faili la Kijani la Baba

Makorora, Tanga
12 Machi 1986

Dada Najat,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokusumbua Desemba kiwe kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, mguu wake unavimba jioni lakini asubuhi anafagia uwanja mwenyewe na ukimnyang'anya ufagio mnagombana. Idarusi mume wangu naye salamu nyingi, amerudi kibandani kwake Mabawa kutengeneza baiskeli, maana tairi na gundi sasa zinaonekana. Mwaka juzi alikuwa anashona mipira ya ndani kwa sindano na uzi kama kanzu. Sabiri mdogo ameota meno mawili ya chini, na mimi ninayemnyonyesha ndiye ninayeyajua.

Sasa dada, nina jambo. Jumanne alikuja mtu hapa na shati la mikono mirefu juani, ana mkoba. Akasema anaitwa Bwana Abrahamu, anatoka huko Dar kwenye ofisi inayotunza nyaraka za viongozi wa zamani. Wanataka makaratasi ya baba yote, tangu alipokuwa mwenyekiti wa baraza mpaka alipokuwa kiongozi wa mkoa, wayaweke mahali pasipoingia maji, watu wayasome hata sisi tukiwa hatupo. Nikafurahi, nikamkaribisha kahawa.

Akaniuliza, "Na wewe dada ni nani hapa?"

Nikamwambia, "Mimi binti yake."

Akafunua karatasi yake, akapitisha kalamu toka juu mpaka chini. "Hapa nina mke mmoja, marehemu, wa Raskazone. Na binti mmoja, Najat."

Nikamwambia, "Basi hesabu tena. Yule unayemwona kibarazani ni mke wa pili, aliyemzika. Na huyu anayekukojolea mkoba ni mjukuu wake."

Akacheka, akaupangusa mkoba. Lakini hakuandika kitu, dada. Nilikuwa naitazama kalamu yake, haikuandika kitu.

Basi aliposema afunguliwe sanduku la bati lenye makaratasi ya baba nikamwambia ufunguo umepotea. Akasema atarudi.

Nakuuliza kwa upole. Ile karatasi aliijaza nani? Maana ina jina la shule yako na mwaka uliomaliza.

Mdogo wako,
Semeni


Dar es Salaam
4 Aprili 1986

Mdogo wangu Semeni,

Marahaba. Kifua kimepona, nashukuru. Msalimie mama mdogo, mwambie mafuta ya mguu nimeyapata, nitamtumia. Nimeweka na nguo mbili za mtoto, ni za mitumba lakini zimefuliwa, yule mama anayeziuza hakutaka kupunguza hata kidogo. Hapa ofisini sijambo, taipureta mpya zimekuja na watu wanagombania viti.

Huyo mtoto sijamwona bado. Mngeniuliza kabla ya kumpa jina. Sisemi kwa ubaya. Lile jina la baba nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya wangu, nikijaliwa. Basi, limekwishatumika.

Ile karatasi ni fomu. Ofisi ile iliniletea mimi kwa sababu jina langu ndilo walilolikuta kwenye majalada ya serikali, baba alikuwa ananiombea nafasi za masomo. Nafasi ya kujaza ilikuwa ndogo. Nilijaza nilichoweza.

Tafuta ufunguo, Semeni. Baba alifia mikononi mwenu. Wewe ulimfulia, wewe ulimlisha, mimi nilishuka kwenye basi nikakuta watu wanatoka makaburini. Hayo yote ni yako, sikunyang'anyi. Makaratasi yaacheni yaende yanakotakiwa.

Jambo moja tu. Mle ndani kuna faili la kijani, limeandikwa FAMILIA. Ni nakala za barua alizoniandikia mimi. Hilo usimpe Bwana Abrahamu. Lifunge peke yake, unitumie kwa mkono wa mtu unayemwamini.

Dada yako,
Najat


Makorora
11 Mei 1986

Dada Najat,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, usinichukulie vibaya. Sabiri mdogo alipata homa siku sita, nilimbeba mpaka mgongo ukakataa. Sasa anakula uji na anamtupia paka kijiko. Nguo zimefika, ile ya bluu imemkaa kama alipimwa. Mafuta mama anajipaka na kuwaambia majirani yametoka kwa binti yake wa Dar. Anasema hivyo hivyo, binti yake.

Kuhusu jina, mume wangu ndiye aliyesema apewe la babu yake. Sikujua lina mwenyewe.

Dada, nitakwambia jambo nililokaa nalo tangu udogo. Mlipokuwa Raskazone mna sakafu nyekundu inang'aa na friji la kutilia maji, baba alikuwa anakuja kwetu Alhamisi na Ijumaa, mimi najipaka mafuta tangu saa nane kumngojea. Ukaenda shule ya bweni. Mama mkubwa alipofariki baba akahamia kwetu moja kwa moja, nikasema sasa baba ni wetu. Kumbe akaja na taipureta yake. Kila baada ya miezi miwili, Jumamosi asubuhi, anaiweka juu ya meza tunayolia chakula, anasema, "Semeni, nitilie." Macho yalikuwa yamechoka lakini vidole vinaijua njia. Mimi ndiye ninayemtilia karatasi mbili na kaboni katikati, mimi ndiye ninayezungusha gurudumu. Utepe ulipokwisha na madukani hakuna, mimi ndiye niliyeupaka mafuta ya taa ili uandike tena. Halafu napeleka bahasha posta, jina lako limechapwa kwa herufi kubwa.

Mimi hakuniandikia hata karatasi moja. Nimekaa naye miaka mitano nyumba moja, leo mtu wa nyaraka anatafuta alama yangu kwenye maisha ya baba, haioni. Kwake yeye kisichoandikwa hakikuwako.

Kwa hiyo dada, niandike. Andika Semeni ni binti. Ufunguo nao utaonekana.

Wako,
Semeni

Hilo faili la kijani sijaliangalia.


Dar es Salaam
30 Mei 1986

Semeni,

Marahaba. Nimefurahi mtoto kapona. Wote nawasalimu.

Usinifanyie biashara kwa sanduku la baba. Nimekuandika. Jina lako limo kwenye orodha, Bwana Abrahamu atakuja nayo tarehe 14 Juni, utaliona kwa macho yako.

Na unazionea wivu barua usizozijua. Zilikuwa na namba ya kumbukumbu juu, Kumb. Na. SJ/FAM/1, SJ/FAM/2, kama mimi ni mkuu wa wilaya. Wenzangu bwenini walikuwa wananicheka, "Najat kaletewa waraka." Wewe ulikuwa unaitwa kwa jina lako, toka jikoni.

Faili la kijani nitumie kabla ya tarehe hiyo.

Najat


Makorora
20 Juni 1986

Dada Najat,

Shikamoo. Sote wazima. Mama mzima. Mtoto anasimama akishika ukuta.

Bwana Abrahamu alikuja kama ulivyosema. Nikautoa ufunguo kwenye mkebe wa chumvi mbele yake, hata hakushangaa. Akatandika shuka chini, akatoa karatasi moja moja na kuziandika kwenye daftari. Hotuba za baba. Mihtasari ya mikutano ya baraza. Malalamiko ya watu wa mkonge. Picha ya baba na wakuu wa wilaya wamekunja mikono. Mama alikaa karibu, kila picha anasema, "Ile suti niliipiga pasi mimi." Bwana Abrahamu anaitikia, "Naam, mama." Haandiki.

Akafika kwenye faili la kijani. Akalifungua, akaligeuza juu chini.

"Hili limeandikwa FAMILIA. Mbona tupu?"

Nikasema, "Mchwa."

Akalishika jalada, akalipitishia kidole pembeni. "Mchwa wa Makorora wana adabu. Wamekula barua zote, jalada wameliacha zima."

Akafunga sanduku, akanipa orodha nitie sahihi kwamba nimekabidhi. "Hapa," akasema, "kwenye jina lako."

Nikasoma. Unajua mimi nasoma polepole, darasa la sita ndilo nililoishia, lakini hili nililisoma haraka. *Semeni, msaidizi wa nyumbani, Makorora.*

Nikamuuliza, "Msaidizi wa nani?"

Akasema, "Ndivyo nilivyoletewa, dada. Mwandiko wa ndugu Najat huu."

Nikatia sahihi. Nimeandika Semeni Sabiri Jumbe, herufi kubwa, mpaka jina likatoka nje ya mstari na kuingia mstari wa chini yake. Afute akitaka.

Sasa na mimi nitakwambia, maana sina cha kukuficha tena. Mchwa hakuna. Zile barua nimefungia karanga mimi. Baba alikuwa ana miezi mitatu kaburini, Idarusi hana kazi, nina mimba changa, nakaanga karanga nauza stendi. Karatasi hakuna mji mzima. Magazeti ya zamani watu wanayaficha kama sukari. Ningeweza kuchukua hotuba, hotuba zilikuwa nyingi. Nilifungua faili lako. Nilisoma mstari wa juu, *Mwanangu mpendwa Najat*, nikaikunja pembe, nikatia karanga. Nikachukua ya pili, *Mwanangu mpendwa Najat*, nikakunja. Nilikuwa nakunja upande wenye maneno uwe ndani, lile neno mpendwa lifunikwe na karanga. Sikushuka chini ya mstari huo hata mara moja. Kaboni ilinishika vidoleni, wiki nzima mikono bluu.

Zilikwisha siku tisa.

Haya, msaidizi wenu amesema.

Semeni


Dar es Salaam
3 Oktoba 1986

Mdogo wangu Semeni,

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Nimeandika majibu mara nne na kuchana. Nimesikia kwa Dorkasi, mwenzangu wa ofisini anayetoka Muheza, kwamba mtoto anatembea na mama mdogo amekuwa akiulizia kwa nini nimenyamaza. Msalimie. Mwambie kosa ni langu.

Uliposema umefungia karanga nililia, ndiyo. Halafu nikacheka, niko peke yangu chumbani. Halafu nikaona aibu, na aibu haikuondoka. Umenifanyia kazi niliyotaka kuifanya mimi.

Hukujiuliza kwa nini faili lile sikutaka limfikie Bwana Abrahamu? Ulidhani namtaka baba awe wangu peke yangu. Ni kweli, lakini si kama ulivyodhani. Barua zenyewe ninazo. Ulizouza wewe ni nakala, zile baba alizozichapa juu ziko hapa kwangu, thelathini na moja, kwenye boksi la viatu. Sijamwambia mtu. Nilitaka na nakala zako zije kwangu, ili zisionekane kokote.

Ungeshuka mstari wa pili, Semeni. Mstari mmoja tu. Nakunakilia:

Kumb. Na. SJ/FAM/9. "Mwanangu mpendwa Najat. Hatujambo. Semeni amenisomea gazeti zima leo, na akifika kwenye neno gumu anaweka la kwake. Habari zake ni nzuri kuliko za gazeti. Nimecheka mpaka nikakohoa."

SJ/FAM/17. "Mwanangu mpendwa Najat. Sukari ni taabu. Semeni amesimama foleni tangu alfajiri, amerudi na nusu kilo, yote ameitia kwenye chai yangu. Yake anakunywa bila kitu, eti ndivyo anavyopenda. Najifanya namwamini."

Zote ni hivyo. Nilikuwa nahesabu. Mimi niko kwenye mstari wa kwanza, na wa mwisho unaosema nisome kwa bidii. Katikati yote ni wewe. Semeni kapika samaki wa nazi, Semeni kanikata kucha, Semeni kaolewa na fundi baiskeli mwenye aibu. Nilikuwa nakaa kitandani bwenini, baadaye hapa Dar, nafungua bahasha kwa hamu kumtafuta baba, nakukuta wewe umekaa naye. Lile neno msaidizi niliandika kwa mkono wangu, nilijua naandika nini.

Sasa nakala hakuna. Boksi la viatu likibaki uvunguni, hakuna atakayejua, na orodha yangu itakuwa ndiyo kweli. Kila siku nasema kesho nitalipeleka.

Dorkasi anakuja Tanga kwenye harusi. Nimempa barua moja, ya mwisho. Isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Dada yako,
Najat


Makorora
7 Desemba 1986

Dada Najat,

Shikamoo dada yangu. Dorkasi alifika, akala kwetu, mtoto akakataa kushuka mapajani mwake. Mama mzima, anakusalimu, anasema ukija akupikie maandazi maana Dorkasi kamwambia umekonda. Idarusi amepata redio ya mtu aliyeshindwa kulipia baiskeli, tunasikiliza taarab mpaka majirani wanagonga.

Barua nilikaa nayo siku mbili bila kufungua. Tarehe ya muhuri wa posta niliijua. Ni ile Jumamosi ya mwisho aliyosema nitilie, wiki mbili baadaye akalala asiamke. Karatasi ile niliitia mimi.

Nikafika mstari wa kwanza, nikasimama, mazoea. Halafu nikashuka. Nakuandikia kama ilivyo, ingawa unaijua:

"Semeni ndiye anayenitilia karatasi. Hasomi ninachoandika, anageuza uso. Nafikiri anaona wivu. Ningemwandikia na yeye, lakini nitamwandikiaje mtu aliyekaa mbele yangu? Wewe uko mbali ndiyo maana nakuandikia. Angekuwa yeye yuko mbali ningemaliza karatasi."

Nimeisoma mara tatu. Ya nne nilimsomea mama, na sikuweka neno langu mahali popote.

Dada, thelathini na moja nilizikunja mwenyewe. Wapo watu pale stendi waliokula karanga na kukitupa chini kicheko cha baba na kikohozi chake, na aliyewauzia ni mimi. Kwa hiyo sina mdomo wa kukwambia zipeleke. Ni zako, jina lako liko juu. Ukizibakiza uvunguni sitakusema kwa mtu. Ila lile neno msaidizi lifute, hata kama hutaweka lingine pale. Paache patupu tu.

Siku hizi karatasi zimejaa dukani kwa Velji, za kaki, safi, hazina maandishi. Idarusi ananiambia ninunue hizo. Mimi bado nanunua magazeti ya zamani, na sikunji hata moja mpaka nimefika chini. Wateja wananigombeza, karanga zinapoa.

Hii yako narudisha kwa mkono wa nani?

Mdogo wako,
Semeni


Dar es Salaam
16 Januari 1987
Kumb. Na. NJ/FAM/1

YAH: BARUA ZA MAREHEMU SABIRI JUMBE

Mdogo wangu mpendwa Semeni,

Marahaba. Ulilalamika hujaandikiwa hata karatasi moja, basi hii ni yako, na namba juu. Nimeichapa ofisini wakati wa chakula. Nakala nimebaki nayo mimi.

Juzi nimelipeleka boksi la viatu. Bwana Abrahamu alisoma mbili akiwa amesimama, ya tatu akavuta kiti. Akaniuliza, "Huyu Semeni ndiye yule aliyenipa kahawa?" Nikasema ndiye. Nikaomba orodha na kalamu. Sasa imeandikwa hivi: Wake, wawili. Watoto, wawili, Najat na Semeni. Majina yamepangwa kwa umri, kwa hiyo langu linatangulia, na hilo usinidai. Jina lako refu uliloandika kupita mstari hawakulifuta, amesema ni sahihi halali.

Pasaka ofisi inafunga siku nne. Nitakuja kumwona huyo aliyechukua jina langu. Mama mdogo asipike maandazi mengi.

Ile ya mwisho usirudishe. Inaniuma kukupa, nakwambia kweli, ndiyo pekee iliyonitaja katikati. Lakini ile ni barua yako, mimi nilikuwa njia tu ya kupitia.

Bwana Abrahamu amezihesabu mara mbili. Akasema, "Juu ya boksi umeandika thelathini na moja, hizi zinafika thelathini. Na namba thelathini na moja iko wapi, ndugu Najat?"

Nimemwambia mchwa.

Dada yako,
Najat